Namna ya Kuchagua Taa ya LED ya Baiskeli ya Milimani kwa Safari za Usiku

Wageni wanaojiunga nasi kwenye safari za jioni katika vijia vya miteremko ya Mlima Meru huja na maswali yale yale. Wanauliza taa iwe na lumeni ngapi (kipimo cha wingi wa mwanga), kama ile ya bei rahisi yenye namba kubwa kwenye boksi inafaa, na kwa nini taa ya mwenzao inaionyesha njia vizuri zaidi ilhali namba yake ni ndogo. Nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niyaandike mara moja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa dukani au akiwa nyumbani anapanga kuagiza.

Hapa Arusha jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kamili jioni mwaka mzima, na giza halichelewi kufuata. Anayetoka kazini saa kumi na moja hubaki na saa moja na nusu hivi tu ya mwanga, na mara nyingi nusu yake huishia barabarani. Kwa hiyo taa kwetu si pambo la wachache. Mwenye taa mbovu haendeshi siku za kazi. Ushauri wangu wote unaegemea jambo moja: chagua betri kwanza, kisha umbo la mwanga, na namba ya lumeni uiangalie mwisho.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kipimo cha unene wa usukani wako mahali taa itakapofungwa. Baiskeli nyingi za kisasa zina kipenyo cha milimita 31.8 au 35 karibu na katikati, na za zamani mara nyingi ni milimita 25.4.
- Helmeti yenye matundu ya kupitishia mkanda.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Simu yenye programu ya kupima mwanga.
- Taa nyekundu ya nyuma, kwa sababu lazima utapita barabarani kabla ya kufika kwenye vijia.
- Bajeti ya taa mbili za kiasi badala ya moja kubwa. Sababu yake utaiona katika hatua ya tano.

Hatua ya 1: Pima safari yako kabla ya kupima taa

Andika unaendesha wapi, kwa mwendo gani, na kwa muda gani, ukianza kuhesabu tangu giza linapoingia hadi unapofika nyumbani. Usihesabu muda wa kawaida tu. Ongeza nusu saa ya pancha, ya kumsubiri mwenzako, au ya kupotea njia kwenye mashamba ya kahawa.

Mwendo ndio unaoamua ukali wa mwanga. Kwa kilomita 25 kwa saa unasafiri karibu mita 7 kila sekunde. Ikiwa taa inakuonyesha mita 10 tu mbele, una sekunde moja na nusu hivi ya kuliona jiwe, kuamua la kufanya na kukamata breki juu ya changarawe inayoteleza, na muda huo hautoshi. Kinyume chake, mtu anayepanda mlima kwa kilomita 6 kwa saa hana shida hata akiwa na lumeni 200. Kwa uzoefu wangu, barabara za shambani zinahitaji lumeni 300 hadi 400, kijia chembamba chenye mizizi kinahitaji 800 hadi 1,000 kwenye usukani, na mteremko wa kasi unahitaji kama 1,500 kwenye usukani pamoja na taa ya pili kichwani. Ninazungumzia lumeni za kweli, na hapo ndipo hatua inayofuata inapohusika.

Hatua ya 2: Ijaribu namba ya kwenye boksi kwa hesabu ya wati

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, popote uendapo. Taa nzuri ya LED ya baiskeli, ukihesabu na hasara zake zote, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Nyingine huzidi kidogo na nyingine hupungua. Basi lumeni 1,000 zinadai wati 10 hivi.

Ulinganishe na kitu unachokijua. Balbu ya gari ya aina ya H4, ikiwa kwenye mwanga wa chini, hutumia wati 55 na kutoa lumeni zipatazo 1,000. Ukikutana na taa ndogo kama kopo la dawa ya viatu inayodai lumeni 12,000, mwuzaji anakuambia kwamba mkononi mwako kuna balbu kumi na mbili za gari, na kwamba kile kipande kidogo cha aluminiamu kinaweza kubeba zaidi ya wati 100 bila kukuunguza vidole. Huna haja ya kubishana naye. Rudisha taa mezani.

Jihadhari pia na muda unaotangazwa. Chini ya kiwango cha vipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1, ambacho watengenezaji wengi wa tochi na taa hukifuata, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka huhesabiwa hadi mwanga uliposhuka na kubaki asilimia 10 ya ulivyoanza. Kwa hiyo "saa 3" zinaweza kuwa saa moja ya mwanga mkali na saa mbili za kupapasa. Tafuta mchoro unaoonyesha jinsi mwanga unavyopungua dakika kwa dakika. Mtengenezaji anayeuweka wazi mara nyingi hana la kuficha.

Hatua ya 3: Kagua betri kwa mizani

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayowaumiza.

Pakiti nyingi za taa hizi zimeundwa kwa seli za mviringo zinazoitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli halisi ya aina hiyo ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata iliyo bora haizidi mAh 3,600 hivi (mAh ni miliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Seli ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo, hata ikiwa na rangi ya dhahabu. Zipo pia seli nene zaidi za 21700, ambazo hufika mAh 5,000 na kuzidi kidogo.

Sasa fanya hesabu. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Pakiti ya seli nne, mbili mbili, yenye volti 7.2 na mAh 5,200, yaani ampea-saa 5.2, ina wati-saa zipatazo 37. Taa inayokula wati 10 itawaka kwa saa tatu na nusu hivi. Punguza sehemu moja ya tano kwa ajili ya uzee wa betri, na utabaki na karibu saa tatu za kutegemea.

Nilijifunza haya kwa njia ngumu. Nilinunua taa kwa machinga mmoja sokoni, boksi likiahidi saa 4. Baada ya dakika hamsini, katikati ya mteremko wenye mizizi, mwanga ulizimika ghafla bila kufifia kwanza, nami nikasimamishwa na kichaka cha miiba. Nyumbani niliiweka pakiti ile kwenye mizani tunayopimia unga. Pamoja na mfuko wake wa kitambaa na waya wake, ilisoma gramu 118. Seli nne peke yake zilipaswa kukaribia gramu 180. Nilipoitikisa karibu na sikio nilisikia kitu kikicheza ndani. Tangu siku hiyo siulizi bei kabla sijapima uzito.

Onyo: usiipasue pakiti kwa kisu ili kuthibitisha kilichomo. Seli ya lithiamu ikitobolewa au nguzo zake zikigusana inaweza kushika moto, na moto wake hauzimwi kirahisi. Mizani inatosha.

Kama ndugu anakuletea taa kutoka ughaibuni, mkumbushe kwamba betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye begi la mkononi, wala si kwenye mzigo unaowekwa chini ya ndege, na kwamba pakiti isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haina matatizo. Pakiti za taa zetu zipo chini sana ya kiwango hicho.

Hatua ya 4: Tazama mwanga unaangukia wapi

Taa mbili zenye lumeni 1,000 kila moja zinaweza kutofautiana kabisa. Moja hukusanya mwanga wote kwenye doa dogo linalofika mbali, huku kingo za njia zikibaki gizani. Nyingine huumwaga mwanga kama maji kwenye sinia: karibu kunang'aa, mbali hakuonekani kitu. Kumbuka kwamba umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika mahali hapo hubaki robo tu, kwa hiyo taa inayomwaga haiwezi kuokolewa kwa kuongezewa lumeni kidogo.

Kwa usukani chagua mwale mpana unaoangaza upana wote wa njia na ukingo wake, wenye kitovu kisicho kikali sana. Kasoro ya kawaida ni kitovu kinachong'aa mno karibu na gurudumu: jicho huzoea ung'avu ule, na mbele kunaonekana kama pazia jeusi.

Zipo taa zilizotengenezwa kufuata sheria ya Ujerumani ya baiskeli za barabarani, ambazo mwanga wake umekatwa juu kwa mstari ulionyooka ili usiwapofushe wanaokuja. Kwenye lami sijaona zinazozishinda kwa ustaarabu. Kwenye kijia, hata hivyo, tawi lililoinama usawa wa uso wako halitaonekana, na njia inayopanda ghafla mbele yako itabaki giza. Usizinunue kwa kazi hii.

Hatua ya 5: Gawa mwanga kati ya usukani na helmeti

Taa ya usukani ipo chini ya macho yako, hivyo kila jiwe na kila mzizi hutupa kivuli unachokiona, na kivuli hicho ndicho kinachokuambia jiwe lina kimo gani. Taa ya helmeti ipo karibu sana na macho. Vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe, na shimo la kimo cha kiganja huonekana kama doa bapa la udongo. Ndiyo maana anayetumia taa ya kichwani pekee hulalamika kwamba njia imelala kama mkeka, kisha gurudumu linazama.

Kwa upande mwingine, taa ya usukani hutazama linakoelekea gurudumu. Kwenye kona kali gurudumu linaelekea kwenye kichaka wakati wewe unataka kuona njia inakotokea. Hapo kichwa hugeuka, na taa ya helmeti hugeuka nacho.

Nunua ya usukani kwanza, iwe yenye nguvu zaidi na mwale mpana. Ya helmeti ifuate, yenye mwale mwembamba na lumeni 600 hadi 1,000. Uzito wake usizidi gramu 150 hivi, kwa sababu kitu kizito juu ya kichwa huchosha shingo na huivuta helmeti mbele kila unapopita matuta. Ikiwa betri yake ni ya kutenganishwa, iweke mfukoni au kwenye begi la mgongoni kwa waya mrefu, na hakikisha kiungo cha waya kinachomoka kikivutwa. Ukianguka, hutaki kichwa kiwe kimefungwa kwenye begi.

Hatua ya 6: Chagua rangi ya mwanga kwa kuzingatia vumbi

Rangi hupimwa kwa kelvini. Taa nyingi za bei rahisi zina kelvini 6,500 au zaidi, mweupe wa kuelekea buluu, kwa sababu weupe huo huonekana mkali dukani. Mimi napendelea kelvini 4,000 hadi 5,000, ambapo udongo mwekundu, majani makavu na mizizi hutofautiana kwa rangi na si kwa giza na ung'avu tu. Wakati wa kiangazi, ukimfuata mwenzako kwenye vumbi laini la volkano, utaona pia kwamba mwanga wa buluu unaumiza macho zaidi.

Hatua ya 7: Kagua swichi, maji na joto

Bonyeza swichi ukiwa umevaa glovu. Zungusha ngazi zote za mwanga na uone kama ile ya kumetameta imo katika mzunguko mmoja na ngazi za kawaida. Kama imo, achana na taa hiyo: siku moja utataka kupunguza mwanga katikati ya mteremko, na njia itaanza kuruka mbele ya macho yako kama disko.

Kwa maji, alama ya IPX4 inastahimili michirizi, IPX6 inastahimili maji yenye nguvu, na IPX7 ni kuzamishwa kwenye kina cha mita moja kwa dakika 30. Kwa masika yetu IPX4 inatosha ukiwa na kifuniko imara kwenye tundu la kuchajia. Kifuniko kilicholegea kinaifuta alama yoyote.

Hatua ya 8: Jaribu nyumbani kabla ya kwenda njiani

Ingia kwenye chumba chenye giza, weka simu mezani ikitazama dari, washa programu ya kupima mwanga, kisha elekeza taa kwenye dari ukiwa mahali pale pale kila mara. Fanya hivyo kwa taa unayoiamini, halafu kwa taa mpya. Namba yenyewe haina maana peke yake, ila uwiano wa namba mbili una maana kubwa. Ile taa yangu ya sokoni, iliyoandikwa lumeni 12,000, ilisoma pungufu kidogo ya taa ya rafiki yangu iliyoandikwa 1,000.

Kisha chaji betri hadi ijae, washa taa kwenye ngazi utakayotumia, ielekeze feni, na uandike saa. Feni ni ya lazima, kwa sababu taa hizi hupozwa na upepo wa mwendo. Bila upepo zitajipunguza zenyewe na kipimo chako kitakuwa cha bure. Rudi kila baada ya robo saa. Andika ilipoanza kufifia, ilipoonyesha alama ya onyo na ilipozima. Taa nzuri hushuka ngazi kwa ngazi na kukuachia mwanga hafifu wa kukurudisha nyumbani.

Hatua ya 9: Funga na uelekeze

Weka taa mbele ya waya za breki, la sivyo zitang'aa mbele ya macho yako. Safisha usukani, kaza mkanda wa mpira au kibano, kisha jaribu kuizungusha taa kwa mkono. Ikizunguka, itazunguka pia kwenye mawe. Ukiwa umekaa kwenye baiskeli mahali tambarare, elekeza kitovu cha mwale kama mita 10 hadi 15 mbele. Taa ya helmeti ielekeze mbali kidogo kuliko hapo, huku ukiangalia kama unavyoangalia unapoendesha na si kama unavyojitazama kwenye kioo.

Ukifika barabarani, zima ya helmeti na inamisha ya usukani. Dereva wa bodaboda uliyempofusha anaweza kukuelekea wewe mwenyewe.

Matatizo yanayojitokeza

*Mwanga unapungua ninaposimama.* Ni joto, wala si ubovu. Shusha ngazi kila unaposimama kumsubiri mtu, na upandishe tena mnapoondoka.

*Taa inazima kwenye mawe na kuwaka tena.* Chanzo mara nyingi ni kiungo cha waya. Kichomoe, kifute kwa kitambaa chenye spiriti, kikauke, kisha kirudishe hadi mwisho. Funga waya kwenye fremu ili usiwe unapigapiga.

*Kuna ukuta mweupe mbele yangu.* Umeingia kwenye ukungu au vumbi, na taa iliyo karibu na macho inarudishiwa mwanga wake. Zima ya helmeti, shusha ya usukani ngazi moja na upunguze mwendo. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanaposhuka kwenye miteremko, hili hutokea karibu kila wiki.

*Saa ya mwendo isiyo na waya inasoma namba za ajabu taa ikiwaka.* Saketi za baadhi ya taa za bei rahisi huingilia mawasiliano ya vifaa hivyo. Sogeza taa mbali na kipokezi, hata sentimita 10 husaidia.

*Chaja inaonyesha kijani mara tu ninapoichomeka.* Hakikisha kwanza kiungo kimeingia sawasawa. Jaribu chaja nyingine yenye volti zile zile: 4.2 kwa seli moja au seli zilizopangwa sambamba, na 8.4 kwa jozi iliyofuatanishwa. Kamwe usichomeke chaja ya volti 12 eti kwa sababu tundu limeingia.

*Betri imevimba, au inapata moto ikichajiwa.* Ichomoe, itoe nje ya nyumba, iweke juu ya zege mbali na vitu vinavyoungua, na usiitumie tena. Kwa sababu hiyo hiyo, usichaji ukiwa umelala. Betri isiyotumika kwa miezi kadhaa ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji mahali pasipo na joto kali.

*Taa imezima kabisa njiani.* Usijaribu kumalizia mteremko kwa kumbukumbu. Funga breki zote mbili polepole, weka mguu chini, na wapigie kelele walio nyuma yako kabla hawajakufikia. Kisha toa tochi ndogo ambayo unapaswa kuwa nayo mfukoni, ifunge kwenye helmeti kwa raba mbili zilizokatwa kwenye tyubu ya zamani, na utembee ukikokota baiskeli hadi kwenye barabara ya shambani.